Risasi Zilizolowa Manza: Kisa cha Moshi Mpya, 1915

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mapigano ya Jasini yalichukua siku mbili, tarehe 18 na 19 Januari 1915, na Wajerumani wakashinda. Kikosi cha Waingereza na Wahindi kilichokuwa kwenye boma la Jasini, karibu na mpaka wa Vanga, kiliishiwa risasi kikasalimu amri. Lakini kamanda wa Wajerumani, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, alipokaa kupiga hesabu, ushindi ule ulimkaa vibaya. Jeshi lake lilikuwa limefyatua risasi zipatazo 200,000. Kwa akiba iliyobaki, aliandika baadaye, angeweza kupigana mapigano matatu zaidi ya namna ile, basi.

Koloni lenyewe la Kijerumani, hii Tanzania bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, halikuwa na kiwanda cha risasi. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza. Silaha kubwa ya askari wengi ilikuwa bado bunduki kuukuu ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi, ambayo kila ikilia hutoa wingu jeupe linalomwambia adui mahali pa kulenga.

Miezi michache baadaye, pale Moshi Mpya, mji ambao leo tunauita Moshi tu, watu walikuwa wakikaa kutwa nzima wakizitenganisha risasi moja moja, wakisafisha baruti, wakibadilisha fataki (kidude cha kuwashia baruti), kisha wakiziunga tena. Sijui karakana nyingine ya kujaza risasi kwa mkono katika Afrika Mashariki iliyowahi kuufikia ukubwa huo. Mtu anayetaka kuelewa kazi hii, inayofanywa na maelfu ya Wamarekani kwenye meza za gereji zao kama burudani ya Jumamosi, atajifunza zaidi kwa kisa hiki kuliko kwa orodha ya vifaa. Pale Moshi kila kosa lilikuwa na gharama, na gharama hiyo ilihesabiwa.

Risasi zenyewe zilifika kwa meli iliyokuwa na jina la uongo. Rubens ilikuwa meli ya Kiingereza iliyokamatwa Ujerumani vita vilipoanza mwaka 1914. Wajerumani waliivalisha sura ya meli ya Denmark, wakaibatiza Kronborg, wakaijaza makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, pamoja na bunduki mpya za Mauser na risasi kwa mamilioni. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizungusha kaskazini ya Uingereza, akateremka Atlantiki yote na kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliigundua karibu na Tanga. Kulikuwa na bahati hapo: injini moja ya Hyacinth iliharibika katikati ya kufukuza, na Christiansen akapata nafasi ya kuingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Pale alifanya jambo linaloonekana la kichaa mpaka ulifikirie. Alifungua milango ya maji akaizamisha meli yake mwenyewe kwenye maji machache, kisha akawasha moto mbao zilizokuwa juu ya sitaha. Waingereza wakapiga mizinga, wakaona moshi na miali, wakaamini kazi imekwisha, wakaondoka. Chini ya moto kulikuwa na maji, na chini ya maji shehena ilikuwa salama isiteketee. Kwa wapiga mbizi na wapagazi, karibu shehena yote iliopolewa.

Hapo ndipo kisa chetu kinapoanza, kwa sababu kilichookolewa na maji kwenye moto kilikuwa kimeanza kuliwa na maji yaleyale.

Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba, kuna kichwa kinachoruka, kuna baruti ndani, na kwenye kitako kuna fataki, kile kidude kidogo kinachopigwa na sindano ya bunduki na kutoa cheche. Kiwandani kinywa cha ganda na ukingo wa fataki hupakwa vanishi ili unyevu usipite. Vanishi hiyo imekusudiwa mvua na jasho la mfukoni. Wiki kadhaa chini ya maji ya chumvi, kwenye shinikizo, si jambo iliyotengenezewa, na inatosha maji yapenye kwa tone.

Sehemu hizi nne haziugui kwa namna moja. Kichwa hakijali. Ganda la shaba huota kutu ya kijani, lakini likisafishwa mapema huendelea. Baruti isiyo na moshi, na hili huwashangaza wengi, huvumilia maji vizuri kuliko mtu anavyodhani: msingi wake ni pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, na pamba hiyo haiyeyuki majini. Viwandani huhifadhiwa ikiwa imelowa, kwa sababu hapo ndipo huwa salama zaidi. Ukiisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuikausha sawasawa, unaweza kuirudisha kazini. Baruti nyeusi ingekuwa habari nyingine kabisa. Robo tatu ya baruti nyeusi ni shura, na shura huyeyuka majini kama sukari. Laiti shehena ya Rubens ingekuwa ya bunduki za 1871, pale Manza wangeopoa mizigo ya makaa na salfa iliyolowa.

Fataki ndiyo mgonjwa mahututi. Mchanganyiko wa fataki za zama zile ulikuwa na chumvi ya zebaki inayolipuka kwa kugongwa, pamoja na klorati ya potasiamu. Klorati huyeyuka. Maji yakipita hapo, hakuna kukausha kutakakorudisha mchanganyiko kama ulivyokuwa.

Lettow anaeleza jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo lenye uzito kuliko yote katika habari hii: baruti na fataki ziliendelea kuharibika zaidi na zaidi kadiri siku zilivyopita, na risasi zinazogoma zikaongezeka. Maana yake ni kwamba zilipofika nchi kavu nyingi zilionekana nzima. Kwa nje zimekauka. Ukijaribu chache, zinalia. Lakini chumvi ya bahari huvuta unyevu, kama anavyojua kila mtu wa pwani aliyeacha chumvi ya jikoni wazi wakati wa masika, na chumvi iliyobaki ndani ya ganda iliendelea kunywa hewa ya Tanga na kula fataki polepole. Jaribio la wiki ya kwanza lilisema ukweli wa wiki ya kwanza tu.

Basi likabaki jambo moja, kuzibomoa zote. Pale Moshi Mpya, kwenye kituo cha mwisho cha reli ya Usambara, walikusanywa askari, Wazungu na wapagazi, kila aliyeweza kupatikana, wakafanya kazi kutoka asubuhi mpaka usiku kwa miezi.

Fikiria ukubwa wa kazi hiyo. Risasi ya Mauser ya milimita 7.92 ina uzito wa gramu 24 hivi, kwa hiyo milioni moja ni tani 24, ambazo kwa mzigo wa kilo 25 kichwani ni wapagazi karibu elfu moja. Tuseme mtu mwenye mkono mwepesi anamaliza risasi 200 kwa siku, kutoa kichwa, kumwaga baruti, kung'oa fataki, kusafisha, kujaza na kufunga. Milioni moja itadai siku 5,000 za mtu mmoja. Namba hiyo ya 200 ni ya kwangu, ya kupimia tu, lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hii kwa zana za mkono ataona nimekuwa mkarimu.

Ugumu mkubwa ulikuwa kwenye kitako. Maganda ya kijeshi ya Kijerumani yalikuwa ya mtindo wa Berdan: fuawe ya kugongea fataki ni sehemu ya ganda lenyewe, na pembeni yake kuna vitundu viwili vidogo vya kupitishia moto. Kwenye mtindo mwingine, wa Boxer, unaopendwa na wajazaji wa leo Marekani, kuna tundu moja katikati, na msumari mwembamba unaopita kinywani mwa ganda huisukuma fataki kuukuu nje kwa pigo moja. Kwa Berdan huna njia hiyo. Itabidi uidukue fataki kwa nje kwa ncha kali, au ulijaze maji ganda na kuisukuma kwa shinikizo. Kila moja ni kazi, na kila moja inaweza kukwaruza kitako.

Fataki mpya zilipatikana humo humo kolonini, lakini za muundo mwingine. Maneno hayo yanapita haraka katika simulizi ya Lettow, na mtu asiyejaza risasi hayatilii maanani. Anayejaza atakunja uso. Fataki ikiwa nyembamba kidogo kwa kitundu chake, moto huvuja nyuma kuelekea usoni mwa mpigaji. Ikiwa fupi, hukaa chini mno, sindano huigusa bila nguvu, nayo hugoma. Ikiwa ndefu, hutokeza, na fataki iliyotokeza inaweza kulipuka wakati komeo la bunduki linafungwa. Kila kitu kingine katika risasi kinaweza kurekebishwa kwa subira na maji safi, lakini fataki huja kutoka kiwandani au haiji. Hata leo ni hivyo. Bidhaa inapoadimika madukani Marekani, fataki ndiyo huwafanya watu wafunge meza zao za kujazia, hata kama wana baruti na madini ya risasi ya kuyeyusha ya miaka kumi.

Matokeo ya kazi yote hiyo? Risasi zilizogoma kwa kiasi cha asilimia 20 zilihesabiwa kuwa nzuri za kutosha vitani. Zilizozidi hapo zilipelekwa kwenye mazoezi. Na zile chache ambazo hazikuguswa na maji zilitengwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake.

Watu husoma asilimia 20 wakacheka, wakasema kazi ilishindikana. Mimi naona mgawanyo huo ndio ulioiokoa, na inafaa tuukague kwa hesabu.

Mauser hupokea risasi tano kwa kibanio kimoja. Ikiwa moja kati ya tano hugoma, uwezekano wa kibanio kizima kulia bila kukatika ni 0.8 mara tano kwa yenyewe, yaani asilimia 33 hivi. Katika vibanio vitatu, viwili vitakuangusha mahali fulani. Hilo ni baya, lakini bunduki ya komeo huendeshwa na mkono wa askari. Risasi ikigoma unalivuta komeo, unaitupa, unaingiza nyingine. Sekunde mbili, na moyo kwenda mbio.

Rashasha ya Maxim haiendeshwi na mkono. Nguvu ya kurudi nyuma ya risasi iliyolia ndiyo inayotoa ganda, kuvuta mkanda na kuingiza inayofuata. Isipolia, mashine husimama, na mpigaji lazima avute mpini aiamshe. Mkanda wa risasi 250 wenye ugonjwa wa asilimia 20 ungesimama mara 50. Rashasha inayosimama mara 50 ni chuma kizito cha kubebesha watu. Kwa hiyo uamuzi wa kuipa risasi safi, na kuyapeleka matatizo kwa silaha inayoyavumilia, ulitoka kwenye kujua jinsi kila mtambo unavyofanya kazi. Ndiyo akili ninayoikosa kwa wanaoanza kujaza: wanataka kila risasi iwe bora, badala ya kujua ipi ni ipi na kuitenga.

Zile mbovu za mazoezini zilikuwa na faida yake pia, sijui kama ilikusudiwa. Mpigaji asiyejua kama risasi italia au la hujikuta ameonekana wazi pale inapogoma: bega limeruka, mtutu umeinama, jicho limefumba. Walimu wa shabaha hadi leo huchanganya risasi za bandia katikati ya za kweli kwa sababu hiyohiyo.

Kuna hatari moja ambayo takwimu ya kugoma haiionyeshi. Fataki dhaifu wakati mwingine haigomi, ila inachelewa. Sindano imegonga, kimya, halafu nusu sekunde baadaye risasi inalia. Kanuni ya uwanja wa shabaha ni kuushika mtutu uelekee upande salama na kusubiri, wengine husema nusu dakika, ndipo ufungue. Askari aliye msituni, adui yuko hatua hamsini, hasubiri nusu dakika.

Nimeulizwa na wapenda historia kwa nini hawakurudi tu kwenye njia ya kale, kuyeyusha madini ya risasi na kumimina vichwa kwenye kalibu kama walivyofanya wenye magobole. Jibu liko kwenye mwendo. Kichwa cha bunduki ya 1871 kilikuwa madini ya risasi matupu ya gramu 25, kimefungwa karatasi, kikitoka mtutuni kwa mita 440 hivi kwa sekunde. Hicho fundi mwenye chungu, moto na kalibu anaweza kukimimina, kwa sababu madini hayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Mauser mpya ilikirusha kichwa cha gramu 10 kwa karibu mita 880 kwa sekunde. Kichwa cha madini ya risasi matupu kwa mwendo huo hujisugua mtutuni, huacha utando, na baada ya muda mfupi mistari ya ndani imejaa na shabaha imepotea. Ndiyo maana hivyo huvikwa koti la chuma kigumu zaidi, na koti hilo halimiminwi nyuma ya nyumba. Silaha iliyokuwa rahisi kulishwa nyumbani ndiyo iliyokuwa ikimchongea mpigaji kwa moshi wake. Ile isiyotoa moshi ilidai kiwanda.

Na kumimina kwenyewe kusichukuliwe kama mchezo. Tone moja la maji likianguka kwenye chungu cha risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha madini ya moto usoni. Mvuke na vumbi lake huingia mwilini bila harufu wala maumivu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, wanajua maana ya sumu hiyo kwa damu ya watoto wao. Wamarekani wanaomimina kwa uangalifu hufanya hivyo nje penye upepo, hawali wala kuvuta sigara hapo, na nguo za kazini haziingii chumbani.

Kwa anayefanya kazi hii leo kihalali, tofauti kubwa na Moshi ni ganda. Pale Moshi maganda hayakuwa yamefyatuliwa, hayakupanuka. Ganda lililofyatuliwa limevimba kufuata chumba cha bunduki, hivyo hubanwa tena kwenye umbo lake, hupimwa urefu, hukaguliwa nyufa. Baruti hupimwa kwa mizani kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyo hiyo, bila kukisia, na aina mbili hazichanganywi kamwe. Hofu kubwa ni ganda la bastola, ambamo kipimo sahihi mara nyingi hakifiki nusu ya nafasi: unaweza kujaza mara mbili bila kufurika. Kinyume chake nacho ni kibaya, ganda lisilo na baruti, ambalo fataki yake husukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu kikakwama. Risasi inayofuata hupasua bunduki. Ndiyo maana mwenye busara hupanga maganda kwenye trei, akamulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kufunga hata kimoja.

Hapa kwetu hilo si burudani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, na ile ya Kenya, Sura ya 114, haziruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni. Kazi hiyo ni ya viwanda vya serikali kama Mzinga pale Morogoro na kile cha Eldoret.

Turudi Moshi, kwa kuwa kuna hukumu ya kutoa. Ustadi wa mikono haukukosekana, na mgawanyo ulikuwa wa akili. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa muda. Risasi iliyozama baharini ilipaswa kubomolewa mara ilipotoka majini, kabla chumvi haijala fataki zote, hata ile iliyolia vizuri kwenye jaribio. Najua ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kitini. Walikuwa na bunduki mpya mkononi, adui mlangoni, na risasi zinazoonekana nzima. Lakini kila mwezi wa kusubiri ulihamisha sehemu ya shehena kutoka fungu la vita kwenda fungu la mazoezi.

Halafu kuna wale waliofanya kazi hiyo. Tunalo jina la nahodha, la kamanda, la manowari. La mpagazi aliyekaa miezi akidukua fataki zenye chumvi ya zebaki kwa ncha ya chuma, mchanganyiko unaolipuka kwa kugongwa, halimo. Wala hatujui ni wangapi walioumia vidole au macho.

Shehena nyingine ilifika Machi 1916, meli Marie katika Ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, na safari hii mizigo ilifungwa tangu Ujerumani kwa kipimo cha kichwa cha mpagazi na kushushwa nchi kavu bila kuzama. Baada ya hapo hakuna meli iliyofika tena. Jeshi la Lettow liliishi kwa kunyang'anya: Novemba 1917 huko Ngomano lilijaza upya silaha zake kwenye ghala la Wareno. Liliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki za mkono zilizowekwa chini zilikuwa za Kiingereza na Kireno.